Siku Saba za Mzizi Usio na Jina

Naapa kwa kaburi la mama yangu, ambalo liko nyuma ya mkorosho wa tatu na yeyote anaweza kwenda kulitazama, kwamba haya ninayoyaandika yalitokea yote, kama yalivyo, bila chumvi wala ndimu. Najua sifa yangu. Najua hapa kijijini Namtete mtu akitaka kusema jambo halina ukweli husema tu "hilo la Mzee Mfaume," na watu wakaelewa. Lakini safari hii nimeamriwa kuandika, yuko wa kuyakagua, na nikiongeza hata unywele nitalipa. Kwa hiyo tulia, msomaji. Unasoma maandishi ya mtu mkweli kwa lazima.

Jina langu kamili ni Mfaume Nangose. Nilikuwa fundi wa mashine za kubangulia korosho kwa miaka thelathini na moja. Sikusomea popote; mashine zenyewe ndizo zilizonifundisha, na ada zilichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sasa nimestaafu, na kazi yangu ni kukaa barazani penye kahawa, juu ya kigoda changu cha mpingo, nikisimulia.

Tuanze na mmea.

Uliota baada ya mvua za kwanza, mvua zilizokuja kufuatia miaka miwili ya ukame, zikachelewa kuiokoa mihogo lakini zikawahi kubomoa barabara. Ulitambaa kutoka msituni hadi mashambani, ukapanda mikorosho, ukapanda mapaa, ukapanda mpaka mlingoti wa bendera wa shule. Majani yake ya chini yalikuwa na umbo la moyo, kama ya ming'oko, ile mizizi midogo mitamu ambayo kila mtu wa huku kusini ameila ikiwa imechemshwa na chumvi. Majani ya juu yalikuwa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kama ya ndiga. Na ndiga nayo tunaijua, maana ukiila vibaya unaanza kucheka peke yako, kisha unalala, kisha watu wanatafuta majembe. Huu ulikuwa mmea mmoja wenye majani ya wote wawili. Ukichimba unakuta vidole vidole kama vya ming'oko, ukikata unakuta ndani ni njano kama ndiga. Mzizi wa kwanza niliouchimba ulikuwa mrefu kama mguu wangu huu wa kulia, kuanzia nyongani.

Binti yangu Siwema ndiye aliyejaribu kuula kwanza. Alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi mitano na maziwa yalikuwa yameanza kukauka. Mtoto alikuwa akinyonya, anaachia, anamtazama mama yake, ananyonya tena. Siku hiyo nilimkuta jikoni amechemsha mizizi mitatu. Alitia kipande mdomoni, akafumba macho ili ameze haraka, lakini Gego lake likawahi. Niliona ulimi ukijikunja. Niliona koo likifunga kama mdomo wa gunia. Akatema kwenye majivu, akakaa chini pale pale na mtoto mapajani, na mimi nikarudi kinyumenyume hadi nje, kwa sababu kuna mambo baba hatakiwi kuyaona.

Huenda unayasoma haya wakati Gego halipo tena, basi nieleze. Miaka thelathini na mitatu iliyopita, baada ya mafuta ya kupikia ya bandia kuzika watu wengi mijini, kila mtu nchini alipandikizwa jino moja la nyuma, chini kushoto. Jino hilo linaonja kabla hujameza. Ndani yake kuna Daftari la Chakula, yaani orodha ya kila kitu kilichothibitishwa kwamba kinalika, na kila saa orodha hiyo inajisahihisha yenyewe kupitia hewani. Ulichotia mdomoni kama kimo Daftarini, unameza na kusahau kama una jino. Kama hakimo, linamwaga uchungu na kufunga koo. Halikuulizi kama una njaa. Sitaki kulisema vibaya, maana tangu siku hiyo sijamzika mtu wa sumu ya chakula. Ila walioandika Daftari walikaa mijini, wakaandika wali, maharage na biskuti. Ming'oko yenyewe iliingia mwaka wa tisa baada ya kelele nyingi. Vingine vyote vya msituni vilibaki nje, na wazee waliovijua wakafa navyo. Utamfundisha mtoto chakula ambacho mdomo wake mwenyewe unakikataa ili iweje?

Na hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Mwaka wa tatu wa Gego nilirudi kazini na shavu limevimba, wenzangu wakauliza, nikawaambia mashine ya kubangulia imelinyofoa jino langu la serikali. Walishangaa kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kuwakatisha tamaa. Kesho yake nikawaambia nimekula uyoga unaong'aa gizani. Wiki iliyofuata, mayai ya chatu. Kwa miaka thelathini nilikula, kwa maneno, kila kitu kinachoota, kutambaa na kuruka katika uwanda wa Rondo. Miaka ya karibuni watu wakienda msituni wakakuta mashimo yamechimbwa wanasema ni Mzee Mfaume huyo, ameshapita. Mashimo sikuyachimba mimi na sikujua ni ya nani, lakini sikukana.

Gego langu lilikuwa zima, limetulia mahali pake, na kitu cha ajabu kuliko vyote nilichowahi kumeza kilikuwa dagaa.

*

Mkaguzi wa Daftari alikuja kwa pikipiki, akiisukuma zaidi kuliko kuipanda, matope hadi magotini. Aliitwa Skolastika Gama, mama wa makamo, Mngoni wa Songea. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani tangu enzi za vita, na mtani hana likizo hata akiwa kazini. Aliponikuta barazani alisimama akaniangalia kutoka kichwani hadi kandambili.

"Babu zako walipotuona walipanda juu ya miti," alisema. "Leo nakukuta umekaa chini. Haya ni maendeleo."

Nikamjibu kwamba babu zake walitembea kutoka kusini kote kule wakitafuta chakula, na naona bado wanatafuta, tofauti ni kwamba siku hizi wanakuja na fomu. Watu wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ndege za mgao zianze kudondosha nusu kilo ya unga kwa kaya kwa wiki.

Akaupima mmea. Alikuwa na kioo cha kutambulia, unakielekeza kwenye jani kinakwambia jina, ukoo na kama ng'ombe anaweza kula. Alikielekeza kwenye jani la chini, kikasema ming'oko. Jani la juu, kikasema ndiga. Akakielekeza kwenye mmea mzima, kikafikiri muda mrefu kisha kikaandika "Haijulikani," kikazima. Siwezi kukilaumu.

Basi ikabaki njia ya kanuni. Kitu kisichojulikana huingia Daftarini kwa mdhamini. Mdhamini ni mtu ambaye Gego lake limezima au halipo, anayeweza kumeza bila kuzuiwa. Atakula kitu hicho siku saba mfululizo mbele ya mashahidi. Akibaki mzima anasaini, mkaguzi anatuma, na ndani ya saa moja kila jino nchini linafunguka kwa chakula hicho. Wenye jino lililozima ni wachache mno, Skolastika alisema, na wengi huwekewa jipya mara wanapogundulika. Wa karibu anayemjua yuko Tabora, na barabara ndiyo hii.

Hakumaliza sentensi. Baraza zima lilikuwa limegeuka kunitazama mimi.

Sikwambii nilivyojisikia. Miaka thelathini nilipanda maneno, na siku ya mavuno ikafika nikiwa nimeketi. Mtu mmoja alisema nimekula mayai ya chatu, mzizi utanifanya nini. Mwingine akasema tangu asubuhi alikuwa akiwaambia wasiwe na wasiwasi, tunaye Mzee Mfaume. Kisha nikamwona Siwema nyuma yao, mtoto mgongoni. Alikuwa ameniamini tangu akiwa na miaka minne.

Nikasimama. Nikasema wamechelewa kuniomba.

Aliyetuambia namna ya kuutayarisha alikuwa Bi Somoe, shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke wa maneno machache. Kaka yangu marehemu alikuwa akisema ameoa ili apumzishe masikio. Alisema bibi yake alikuwa akitendea ndiga hivi: unamenya, unakata vipande vyembamba kama kucha, unatia kwenye tenga, unazamisha mtoni penye maji yanayokwenda siku tatu, siyo mbili, kisha unaanika na kutwanga. Sumu inaondoka na maji. Ming'oko haina haja ya hayo, ndiga haina budi. Na kwa kuwa huu hatujui ni mtoto wa nani, tuutendee kama ndiga. Mkaguzi alipenda hesabu hiyo. Alieleza kwamba kitakachoingizwa Daftarini ni ladha ya unga ulioloweshwa tu. Mzizi mbichi, au uliotolewa mtoni kabla ya siku zake, una uchungu wake, na jino litaendelea kuukataa. Hivyo hakuna mtoto atakayeuokota njiani akautafuna.

Matenga yakazamishwa. Nikawa na siku tatu za kutafuta jino langu litoke vipi.

*

Nililing'oa siku ya tatu, saa kumi alasiri, nyuma ya jiko langu, peke yangu. Nilitumia koleo la kazini, lile la kunyooshea meno ya mashine, ambalo lilikuwa halijawahi kunyoosha meno ya mtu. Nililipasha moto, nikaliacha lipoe, nikashika, nikavuta mara moja. Sikutoa sauti. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikaliweka jino kwenye kisanduku cha kiberiti, nikaendelea na shughuli zangu. Utotoni tulifundishwa kuvumilia.

Keshokutwa yake asubuhi, vipande vikiwa vimeshaanikwa na kutwangwa, mkaguzi aliweka kisomaji chake shavuni mwangu. Ni kidude kama kijiko, kikigusa Gego kinasoma jina la mwenye nalo na hali yake, na kama limezima kinakwambia tangu lini. Kikasema hakuna kitu. Akamulika tochi akauliza mbona fizi nyekundu. Nikasema nimechokonoa kwa mwiba wa samaki. Akasema hata samaki Mmwera hamwezi, akaandika.

Bi Somoe akapika. Ugali wa unga ule ulikuwa wa njano, mzito, wenye harufu ya mvua inayoanza, na mboga ilikuwa mchicha wa mgao. Alipika mbele yetu sote, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, kimya kama kawaida yake, akikoroga, akidondosha kidogo kiganjani, akilamba, akipunguza moto. Kamera ya mkaguzi ilisimama juu ya miguu yake mitatu ikitazama kinywa changu. Watu mia mbili walitazama kinywa changu.

Nikamega tonge. Nitakwambia ukweli, kwa kuwa nimefungwa nao: nilitafuta muda, nikajifanya napuliza kwa sababu ya moto. Nikaweka mdomoni. Sehemu ile ya nyuma kushoto ilikuwa tupu na inauma, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu hakuna kitu kilichoniamulia. Niliamua mwenyewe. Nikameza.

Ladha? Kama ming'oko iliyokaa karibu na chokaa. Siyo mbaya. Nimeshapika vibaya zaidi.

Siku ya kwanza nililala macho. Siku ya pili nikaamka, nikajigusa, nipo. Siku ya tatu nilikuwa natembea mbele za watu kifua mbele kama jogoo wa sikukuu. Wanawake walikuwa wakiniamkia kwanza. Wazee wenzangu walinipisha njiani. Ile sifa niliyoivaa miaka thelathini kama koti la kuazima, sasa nikaona inanikaa mabegani, nikafunga na vifungo. Siku ya nne, ya tano, ya sita, nakula, nashiba, nafuta mdomo, nauliza kama kuna nyongeza. Matenga mtoni yakaongezeka, kila kaya ikazamisha lake, kwa sababu walishaona. Kufika siku ya saba unga wa njano ulikuwa umejaa kwenye vyungu vya vijiji vitatu, unangoja jino lifunguke tu.

*

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Uwanja ulijaa. Watu walikuja na masufuria kabisa, maji yakiwa tayari yanachemka kwenye mafiga pembeni, ili saa ikifika wasonge papo hapo. Siwema alikuwa mstari wa mbele.

Nikala tonge la mwisho. Makofi. Skolastika akanipa fomu na kalamu. Mimi ni mtu ninayejisifu kwamba nasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Basi nikaona watu wanatazama, nikasoma kwa mbwembwe, mstari kwa mstari, kwa sauti. Mstari wa nne ulisema: natamka kwamba Gego langu limezima au limetoka si chini ya siku arobaini kabla ya tonge la kwanza.

Nikamuuliza mkaguzi, kama kwa mzaha, kwa nini arobaini na siyo hamsini. Akanieleza bila wasiwasi, akifunga miguu ya kamera. Gego mbali na kuonja linatiririsha kinga kwenye damu, tone dogo kila siku, ili sumu ikipenya kwa bahati mbaya isikuue. Jino likitoka, kinga inabaki damuni siku arobaini. Kabla ya hapo unaweza kula kitu kinachomdhuru mwingine wewe ukabaki mzima, na kuponea kwako hakuthibitishi lolote.

Nilikuwa na siku nane.

Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka unihukumu. Kalamu ilikuwa mkononi. Maji yalikuwa yanachemka. Mmea huenda ulikuwa salama. Siku tatu za mtoni huenda zilitosha kabisa. Nikisaini, Siwema angekula ndani ya saa moja, maziwa yangerudi, na mimi ningekuwa Mzee Mfaume mpaka kufa na baada ya kufa. Lakini huenda mmea haukuwa salama. Huenda kilichoniweka hai ni matone ya jino nililoliweka kwenye kiberiti. Basi Siwema angekula, na kilichomo ndani yake kingepita kwenye maziwa. Nikikataa, unga wote ule ungekaa vyunguni kama mchanga, na huyo mtu wa Tabora angefika lini? Kuna watoto wasingemngoja.

Nilitazama vile vyungu. Nikaona kwamba kila mtu aliyesimama pale alikuwa amekabidhi mdomo wake kwangu, kama walivyoukabidhi kwa jino. Na jino, pamoja na ukatili wake wote, lilikuwa halijawahi kuwadanganya.

Nikaweka kalamu chini.

"Fomu hii siwezi kuisaini," nilisema. "Gego langu halikutoka miaka thelathini iliyopita. Nililing'oa siku nane zilizopita. Nilikuwa nawadanganya."

Uwanja mzima ukacheka.

Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Jamaa mmoja alisema leo mzee ameleta mpya. Skolastika mwenyewe alijifuta macho, akasema Mmwera akiona kalamu ya serikali anakimbia hata akiwa ameketi, na kicheko kikapanda tena. Nikarudia. Wakacheka zaidi. Nimesema uongo miaka thelathini wakaniamini neno kwa neno, na ukweli wangu wa kwanza ukapokelewa kama kichekesho.

Basi nikatoa kiberiti mfukoni. Nikakifungua, nikakiweka juu ya meza, juu ya fomu. Gego likiwa hai lina taa ndogo sana ya kijani kwenye mzizi wake, na likitolewa huendelea kupepesa mpaka siku zake arobaini ziishe. Lilikuwa linapepesa.

Kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, safu kwa safu.

Skolastika aligusa jino kwa kisomaji. Kikasoma jina langu. Kikasoma siku nane. Akaikunja ile fomu mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni, na hakuwa na utani wowote.

Siwema akasogea hadi mezani. Aliangalia jino, akaniangalia mimi.

"Hata mayai ya chatu, baba?"

"Hata mayai ya chatu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda akaliepua sufuria lake motoni, akaliweka chini. Nimekatwa vidole viwili na mashine, na hakukuniuma kama mlio wa lile sufuria likigusa ardhi. Lakini nilikuwa nimesimama wima, na nitakwambia jambo la ajabu: nilikuwa najivunia. Sikuwa nimewahi kujivunia kitu nilichokifanya kweli. Ladha yake sikuijua, na hapakuwa na jino la kuniambia kama inalika.

*

"Mkaguzi," ilisema sauti. "Hebu lete hicho kijiko."

Ilikuwa Bi Somoe. Alikuwa bado ameshika mwiko. Alikuja hadi mezani, akafungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole. Gego lake lilikuwa jeusi kama mbegu ya fenesi iliyoungua. Skolastika akaligusa kwa kisomaji, akakisoma, akakifuta kwenye sketi, akaligusa tena.

Lilizima miaka kumi na moja iliyopita.

Bi Somoe hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kabla wala baada. Alisema lilizima lenyewe, mwaka alipofariki mumewe, na hakutoa taarifa kwa sababu wangemwekea jipya. Alianza kwenda msituni na kutafuta vile bibi yake alivyokuwa akivitaja. Mashimo yalikuwa yake. Watu walipoyaona wakanitaja mimi, yeye akashukuru, maana hakuna aliyemtazama. Mmea huu ulikuwepo ndani ya msitu tangu zamani, haba. Mvua hizi zimeutoa nje tu. Ameula miaka tisa. Siku tatu mtoni. Aliwahi kujaribu mbili, akatapika usiku kucha, kwa hiyo anajua kwa nini ni tatu.

Skolastika alisema anamwamini, lakini kanuni ni siku saba mbele ya mashahidi. Itabidi waanze upya kesho, siku saba nyingine. Nikaona uwanja ukishusha mabega.

"Siku saba zimekwisha," Bi Somoe alisema. "Nani alikuwa anapika?"

Hakuna aliyeelewa. Akanyoosha kiganja, akakilamba, kama anavyofanya mpishi yeyote duniani.

Skolastika akaikimbilia kamera. Akarudisha picha nyuma siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Pale pembeni, nyuma ya kinywa changu kilichojaa kiburi na ugali, kila siku, alikuwepo mwanamke akidondosha uji wa njano kiganjani na kuumeza, mara tatu, mara nne, mbele ya mashahidi mia mbili. Sote tuliona. Na sote tulijua kwamba mtu mwenye Gego zima asingeweza kuumeza. Lakini nani amewahi kumtazama mpishi anapoonja?

Mkaguzi alisema tu kwamba yeye mwenyewe alistahili kufukuzwa kazi kwa kutoliona hilo, kisha akatandaza fomu mpya. Bi Somoe akasaini. Penye jina la chakula, mmea ulikuwa hauna jina, Skolastika akaandika Kisomoe, bila kuuliza mtu. Nakiri nilikuwa nimeshaandaa jina jingine, lenye herufi za jina langu.

Saa moja haikufika. Siwema alisonga, akamega, akafumba macho kama siku ile, akameza. Akafumbua. Akamega tena, na mkono wa pili ulikuwa unamsogeza mtoto kifuani.

Kuhusu jino jipya, Skolastika alimwambia shemeji kwamba kwa sheria anatakiwa afike ofisini ndani ya siku arobaini, na kwamba ataanza kuzihesabu atakapokumbuka. Kisha akanigeukia mimi, na utani ukarudi machoni. Mtani akikukamata unatozwa na hubishi. Alinitoza mambo mawili: kubeba matenga ya kijiji kwenda na kurudi mtoni msimu mzima, na kuyaandika haya yote, kweli tupu, yabandikwe ofisi ya kijiji, yakishasomwa na kuthibitishwa na Bi Somoe.

*

Ameyasoma leo asubuhi, barazani kwake, unga ukiwa kwenye ungo mapajani. Anasoma polepole. Sehemu ya mkutano aliipita bila kusimama. Aliponaswa ni mapema zaidi, akarudi nyuma, akaweka kidole.

"Shemeji, hapa umeandika uliling'oa peke yako."

Nikasema ni namna ya kusimulia.

"Na hukutoa sauti."

Nikatazama barabara. Haya, msomaji. Nililia koleo likiwa bado halijanigusa. Alinikuta nyuma ya jiko, akaninyang'anya koleo, akanilaza, akaweka goti lake kifuani pangu, na yeye ndiye aliyevuta. Kunguru wa kijiji kizima waliruka. Kisha akaniosha damu na kuniambia nisimwambie mtu, na mimi nikasikia hayo ya mwisho tu.

Hapo ndipo nilipogutuka. Kama aling'oa yeye, basi siku zote saba alijua jino ni bichi. Fomu niliisoma kwa sauti, na mkaguzi alieleza siku arobaini yeye akiwa hatua tano na mwiko wake. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza mpaka nikaweka kiberiti mezani.

"Mmea nilikuwa naujua," alisema, akipepeta. "Niliyekuwa simjui ni wewe."

Nikanyanyuka kwenda nyumbani, nikakileta kigoda changu cha mpingo, kile cha miaka thelathini, nikakiweka mbele yake, tozo ya tatu, niliyojitoza mwenyewe. Akakikalia bila kunishukuru. Mimi nikaketi mkekani, na ndipo ninapoandikia maneno haya. Ukiwa huku chini unamwona mtu vizuri zaidi, na niseme wazi, nikimwona ninajivunia kuwa shemeji yake.

Akarudisha daftari, akanyooshea kidole ukurasa wa kwanza, penye ule mzizi mrefu kama mguu wangu wa kulia.

Nikafuta mguu, nikaandika mkono. Akaendelea kunitazama. Nikafuta mkono, nikaandika kiganja. Akasema shemeji, mara moja tu. Basi, ulikuwa mrefu kama kidole. Kimoja kati ya hivi nilivyobakiwa navyo.